Abilene, San Angelo, San Marcos: wiki moja barabarani nikikagua mafaili ya pesa za wanafunzi

Hii nimeiandika kutoka kwenye kijidaftari changu cha safari na picha za kwenye simu, ndo maana kuna siku zina maelezo marefu na nyingine nimezipitia juu juu. Safari ilikuwa Oktoba 2024, gari langu mwenyewe, natoka Fort Worth, Texas, naelekea magharibi, nashuka San Angelo, nakata vilima vya Hill Country mpaka San Marcos halafu narudi nyumbani na barabara kuu ya I-35.

Kwanza niseme kazi yenyewe maana ndugu wengi wananiuliza. Vyuo vya Marekani vinavyopokea pesa za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi, yaani ruzuku ya Pell, mikopo na kazi za chuoni, vinafungwa na masharti ya Title IV, sehemu ya sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965. Chuo kikienda kinyume kinarudisha pesa, kinaweza kupigwa faini, na kikizidisha kinaondolewa kabisa kwenye mpango na hapo vyuo vingi vidogo ndo kwaheri. Mimi ni mshauri, naitwa kabla wakaguzi wa wizara au maodita hawajafika, nachukua sampuli ya mafaili nasoma moja baada ya jingine, halafu nawaonyesha palipokosewa na namna ya kurekebisha. Sigusi pesa, siidhinishi malipo ya mtu. Vyuo sivitaji hapa na wanafunzi ndo kabisa, siri zao zinalindwa na sheria.

Jumapili 20 Oktoba: Fort Worth mpaka Abilene

Nimetoka baada ya ibada, saa nane mchana, chupa ya chai ya tangawizi na maandazi ya jana kwenye kiti cha pembeni. Mafuta chini kidogo ya dola 3 kwa galoni, jaza Fort Worth kabisa, ukishapita Weatherford bei inaanza kupanda. I-20 ni maili kama 150 mpaka Abilene, kwenye ramani ni safari ya masaa mawili na ushee, ila kulikuwa na ujenzi wa barabara na kile kilima cha Ranger malori yanapanda kwa shida na yote yamejipanga njia mbili, nimefika karibu saa kumi na mbili. Joto bado kali, mwezi mzima mvua hakuna, nyasi zote rangi ya kahawia.

Hoteli dola 94 baada ya kodi. Kwa wanaosafiri kikazi Texas: ile bei unayoiona mtandaoni haina kodi, jimbo linachukua asilimia 6 na mji unaongeza ya kwake juu, kwa hiyo mkataba wako na mteja uandike malazi pamoja na kodi, na mileji mlipwe kwa kiwango cha mamlaka ya kodi ya Marekani, mwaka 2024 kilikuwa senti 67 kwa maili. Nimeona washauri wapya wanakubali bei moja ya jumla halafu barabara ndo inakula faida yote.

Jumatatu 21 Oktoba: chuo cha kwanza

Saa moja hivi kutoka Abilene, sisemi upande gani. Siku nzima ni kusoma: sera zao, kalenda zao, orodha ya wanafunzi walioacha masomo, orodha ya waliopata F kila somo. Hii ya F watu huwa wanashangaa. Mwanafunzi akipata F zote, chuo lazima kijue alifeli akiwa darasani au aliondoka kimya kimya, na kama ni masomo ya mtandaoni, kuingia tu kwenye mfumo hakuhesabiki kuwa alisoma, lazima awe amefanya kitu, kaandika mtihani, kakabidhi kazi, kajadili na wenzake kuhusu somo. Tofauti hiyo inabeba maelfu ya dola.

Chakula cha mchana walinipeleka kula nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na unga kama kuku, juu imemwagiwa mchuzi mweupe. Inashibisha mpaka jioni. Mengine ya siku hiyo ni karatasi tu, nimelala saa tatu.

Jumanne 22 Oktoba: siku 110 au siku 101

Hapa ndo penyewe, naomba nielezee taratibu.

Mwanafunzi akiacha semista katikati, pesa alizopewa zinahesabiwa upya kwa siku alizokaa. Akiwa amevuka asilimia 60 ya semista, pesa zote ni halali yake. Kabla ya hapo anastahili asilimia ile ile ya siku alizosoma, iliyobaki inarudi serikalini, na mara nyingi chuo kikisharudisha kinamgeukia mwanafunzi kumdai. Sasa kanuni inasema kukiwa na mapumziko ya siku 5 au zaidi mfululizo, hizo siku zinatolewa kwenye hesabu.

Semista yao ilianza 21 Agosti 2023 ikaisha 8 Desemba, siku 110 za kalenda. Wiki ya Thanksgiving walifunga chuo kuanzia Jumamosi ya tarehe 18 mpaka Jumapili ya 26 Novemba, ni siku 9, kwa hiyo inabaki 101. Kwenye kompyuta yao mtu alisahau kuingiza likizo, mfumo ukawa unagawanya kwa 110. Faili la kwanza nililofungua, mwanafunzi alionekana darasani mwisho tarehe 22 Septemba, siku ya 33. Thelathini na tatu kwa 101 ni asilimia 32.7, wao walipata 30. Pell kamili mwaka ule ilikuwa 7,395, nusu yake kwa semista ni 3,697 na senti 50, kwa hiyo alistahili 1,209 wakamhesabia 1,109. Dola 100 zimepotea hivi hivi.

Nikaendelea. Faili jingine, tarehe ya mwisho darasani 23 Oktoba, siku ya 64. Kwa hesabu sahihi ni asilimia 63.4, amevuka 60, hadaiwi hata senti. Kwa hesabu ya 110 inatoka 58.2, na mfumo ukaandika kwamba dola 1,545 hakuzistahili. Nilirudia kwenye kikokotoo, nikarudia tena kwa mkono, pembeni ya karatasi. Yeyote aliyeacha pale kati ya tarehe 20 na 25 Oktoba aliangukia kwenye hilo shimo. Na ujue wanaoacha semista ni akina nani: mtu kapoteza kazi, mama kajifungua, gari limekufa na chuo kiko maili 40. Unamwongezea na deni, deni linamfungia asijiandikishe tena, hapo masomo yameisha.

Dada anayesimamia hiyo ofisi, mtu mzima, yuko pale miaka mingi, alikaa kimya muda mrefu akiangalia zile namba mbili. Hakubishana. Alichukua kalenda za miaka ya nyuma akaanza kutafuta likizo zilizosahaulika, mwenyewe, kabla sijamwambia kwamba ukiona kosa limejirudia hivi inabidi kupitia wote walioacha, siyo sampuli tu. Jioni wakati naaga akaniwekea mkononi nusu ya pai ya pecan aliyooka nyumbani, imefungwa kwenye foili.

Kwa mwanafunzi yeyote anayesoma hii: kabla ya kuacha semista nenda ofisi ya msaada wa fedha uulize asilimia 60 inaangukia tarehe ngapi, na omba wakuonyeshe hesabu imegawanywa kwa siku ngapi. Hilo ni swali la kawaida kabisa, una haki nalo. Wakati mwingine kuvumilia siku nne kunakuokoa dola elfu na zaidi.

Jumanne usiku: sombe Abilene

Abilene ina Wakongo wengi, wakimbizi waliopokelewa miaka kadhaa sasa, Kiswahili utakisikia hata dukani. Rafiki yangu wa kanisani Fort Worth alinipa namba ya familia moja akisema usilale hoteli na njaa wakati wapo ndugu. Nimefika na pai yangu, mama wa nyumba ameshapika: ugali, sombe (kisamvu) yenye mawese, ndagala (dagaa). Mtoto wake wa kwanza alikuwa na bahasha ya karatasi tayari mezani, mimi nikaanza kuivuta, mama akasema, “Kula kwanza, baba, makaratasi itangoya.” Tumekula.

Ishu yenyewe: kijana amejiandikisha chuo cha jumuiya, FAFSA, ile fomu ya kuombea pesa za serikali kuu, kajaza, ila ofisi imemwambia bila cheti halisi cha sekondari kutoka Kongo hapati Pell. Shule aliyosoma iko sehemu ambayo familia ilikimbia usiku. Hicho chuo si mteja wangu, ingekuwa mteja nisingesema neno pale mezani, lakini kanuni ni ya kila mtu kwa hiyo nilimweleza. Kwa upande wa msaada wa serikali kuu, mwanafunzi akijaza kwenye FAFSA kwamba alimaliza sekondari, maelezo yake yanatosha, mpaka chuo kiwe na sababu ya kuyatilia shaka. Idara ya udahili inaweza kuwa na masharti yake yenyewe, hayo ni mambo mengine. Kwa hiyo aende ana kwa ana, aombe kuonana na mkuu wa ofisi, aulize kwa heshima: hicho cheti kinatakiwa na udahili au na Title IV, na imeandikwa wapi. Mkimbizi anastahili pesa hizi, I-94, ile karatasi ya uhamiaji ya kuingia nchini, yenye kifungu cha 207 ndo ushahidi wake, na akishapata green card anaendelea kustahili.

Halafu kuna tarehe ya kuzaliwa. Kwenye hiyo familia watatu wamezaliwa 1 Januari, karatasi zinasema hivyo, maana kambini waliandikiwa hivyo wote ambao tarehe haikujulikana. Maofisa wapya wa vyuo wakiona 1 Januari watatu kwenye fomu moja wanadhani ni udanganyifu. Sio udanganyifu, na mwanafunzi asijaribu “kuirekebisha” kwenye FAFSA peke yake, tarehe na mpangilio wa majina vifanane na vilivyo Social Security, vikipishana mfumo unamkataa. Nimeandika haya yote nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa. Mama kanifungia ndagala za kwenda nazo.

Jumatano 23 Oktoba: barabara ya 277

Abilene mpaka San Angelo ni maili kama 90 kwa US 277, unapita Bronte, mitambo ya upepo inazunguka juu ya vilima, chini mashamba ya pamba yamepasuka meupe pande zote. Nimesimama kupiga picha za pamba na wakati narudi garini naona tairi la nyuma linakata pumzi, mwiba wa mti wa mesquite umeingia, urefu wa kidole. Mtandao hakuna. Tairi la akiba lilikuwepo ila boliti moja imekaza haitoki.

Haikupita nusu saa mzee mmoja wa ranchi na pikapu ya zamani akageuza akarudi. Hakuuliza natoka wapi wala nafanya nini huku, kaangalia tairi, katoa bomba refu la chuma akalivisha kwenye spana, boliti ikaachia. Halafu akanifuata nyuma taratibu mpaka kwenye mji ulio mbele, kwa fundi, ndo akapiga honi akaondoka. Fundi kaziba kwa dola 15, nikampa 20 akarudisha 5. Njia hizi nunua bomba kama lile, na usitegemee simu, pakua ramani kabla hujatoka.

San Angelo nimefika saa tisa. Taco tatu za nyama ya barbacoa na soda, dola 11, nikatembea kando ya mto Concho mpaka giza. Hoteli 88.

Alhamisi 24 Oktoba: chuo cha pili

Hiki ni kidogo na nitasema machache. Mkurugenzi wa msaada wa fedha aliondoka, kabaki mama mmoja anayefanya kila kitu. Bidii yake sijawahi kuona, tatizo ni kwamba kanuni inakataza mtu yule yule kuidhinisha msaada na kutoa pesa, lazima watenganishwe, ili asiwepo mtu anayeweza kujilipa. Chuo kilikuwa kinaokoa mshahara mmoja na kumwachia yeye hatari yote. Niliongea na mhasibu mkuu saa nzima mlango umefungwa. Tumekubaliana utoaji wa pesa uhamie ofisi ya uhasibu mwisho wa mwezi.

Mwaka huo pia ulikuwa umewavuruga wote. FAFSA ya 2024–25 ambayo kwa kawaida hufunguliwa 1 Oktoba ilichelewa mpaka mwisho wa Desemba 2023, vyuo vikaanza kupata taarifa za wanafunzi Machi, na wazazi wasio na namba ya Social Security walikwama wiki nyingi hawawezi kuingiza taarifa zao. Yule mama alikuwa na daftari la majina ya watoto waliokuwa wanampigia kila asubuhi. Karatasi zake za rufaa za wanafunzi walioshuka alama zilikuwa nzuri kuliko za vyuo vikubwa nilivyopita, kila moja ina barua, sababu, mpango wa kurudi kwenye mstari. Nimeliandika hilo ukurasa wa kwanza wa ripoti kwa makusudi, maana bodi husoma ukurasa wa kwanza.

Nimetoka saa kumi, US 87, Eden, Brady, Mason. Brady wanajiita moyo wa Texas kwa sababu wako katikati ya jimbo. Kuanzia pale jua likizama paa wa huku wanatoka vichakani makundi makundi, nimehesabu mizoga nikaacha, nimeendesha maili 45 kwa saa na foleni ya watu wenye hasira nyuma yangu. Nimelala Mason, moteli 79. Usiende kulala Fredericksburg wikiendi kama hujabuku mapema, pale bei zinapaa kwa ajili ya watalii wa mvinyo.

Ijumaa 25 Oktoba: Stonewall na San Marcos

Leo hakuna mteja, nimeiweka siku hii kwa ajili yangu. Stonewall, pembeni ya US 290, ndo kwao Rais Lyndon Johnson. Kuingia ranchi yake ni bure, unachukua kibali cha gari kwenye kituo cha wageni. Kuna shule ya chumba kimoja pale, aliingia akiwa na miaka 4, na tarehe 11 Aprili 1965 alirudi hapo kusaini sheria ya elimu ya msingi na sekondari akiwa amekaa na mwalimu wake wa kwanza. Madawati madogo, nimechungulia dirishani nikapiga picha mbili.

Kisha Johnson City, Dripping Springs, Wimberley, mpaka San Marcos. Johnson alisoma chuo hapa na akamaliza 1930, na miezi michache baada ya kusaini ile ya Stonewall, tarehe 8 Novemba 1965, akaja kwenye ukumbi wa mazoezi wa chuo hicho hicho akasaini Higher Education Act. Mafaili yote niliyosoma wiki hii yanaanzia kwenye kalamu ile. Siku hiyo aliwaambia wanafunzi jinsi alivyofagia sakafu na kuuza soksi ili asome.

Na kuna hili ambalo nilikuwa nalifikiria tangu Jumanne. Pesa ziliwahi kumwishia, akasimamisha masomo, akaenda Cotulla karibu na mpaka kufundisha watoto wa Kimeksiko mwaka 1928 mpaka 1929, ndo akarudi kumaliza. Angekuwa ameacha katikati ya semista, kwa fomu zetu za leo angeitwa mwanafunzi aliyejitoa, angekuwa kwenye orodha niliyoisoma, na kama mtu angemhesabia kwa 110 badala ya 101 akamfungia usajili, sijui angerudi vipi. Nimesimama kwenye nyasi za chuo, wanafunzi wanapita na skuta, nikampigia simu yule dada wa chuo cha kwanza kumuuliza kalenda za nyuma zinaendaje. Alikuwa amefika 2021.

Usiku San Marcos, 112, ghali kuliko zote. Nimekula ndagala za mama na mkate wa dukani, tamu.

Jumamosi 26 Oktoba: I-35 kurudi

Austin foleni saa moja na nusu, sina la kusema zaidi, ukiweza pita kabla ya saa moja asubuhi au lipia ile barabara ya 130 inayozunguka mji. Kituo pekee kilichofaa ni mji wa West, kaskazini ya Waco, Wacheki walihamia pale zamani na mikate yao midogo ya kolache yenye matunda ya aprikoti na jibini ni dola 2 na kitu. Nimenunua dazeni kwa ajili ya nyumbani. Fort Worth saa tisa alasiri, karibu maili 800 kwa jumla, mafuta yote hayakufika 90.

Ripoti zote mbili nimeshazituma. Chuo cha kwanza wamerudia hesabu za wote walioacha semista ile, barua za kufuta madeni zimeanza kutoka, na dada aliniandikia kwamba ile ya mwanafunzi wa tarehe 23 Oktoba ameipeleka posta mwenyewe. Kijana wa Abilene bado anasubiri, wamempangia kuonana na mkuu wa ofisi wiki ijayo, na FAFSA ya 2025–26 ambayo imefunguliwa kwa kila mtu Novemba hii ya 2024 nimemwambia ajaze sasa hivi, asingoje ile ya nyuma imalizike. San Angelo wanataka nirudi Februari kuona kama pesa kweli zimehamia uhasibu. Bomba la spana nimeshanunua, dola 18.